Nani Aliyechota Maji?

Maelezo ya Hans Mayr niliyasoma kwa mara ya kwanza kwenye simu, nikiwa nimekaa barazani kwa Bibi, Miteja, umeme umekatika na chaji imebaki asilimia 19. Ilikuwa likizo ya mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili. Msimamizi wangu alinitaka nisome walichoandika wageni waliofika Kilwa zamani, nami nilitarajia habari za dhahabu, misikiti na mizinga. Mizinga nikaikuta, ya vita na ya nyuki pia, maana Mayr anaeleza jinsi watu wa Kilwa walivyotundika mizinga ya asali mitini. Lakini kilichonisimamisha ni tambuu.

Mayr alikuwa Mjerumani aliyesafiri na Wareno katika msafara wa Francisco de Almeida mwaka 1505. Anasema mtambuu una majani yanayofanana na ya mmea mmoja mtambaa wa kwao Ulaya, na kwamba watu wa Kilwa huusimikia vijiti shinani ili upande. Niliinua macho. Hatua kumi kutoka nilipokaa palikuwa na mtambuu wa Bibi, umesimikiwa vijiti shinani.

"Bibi," nikamwambia, "kuna mzungu kaandika habari za mtambuu kama wako huu, miaka mia tano iliyopita."

"Alitafuna?"

"Hakusema."

"Basi hajui anachoandika, mume wangu," akasema, akaendelea kupaka chokaa jani lake.

Bibi alifariki mwaka jana. Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile, na nimegundua kwamba swali lake ndilo nililopaswa kuanza nalo: huyu anayeisifu bustani, yeye mwenyewe aliigusa wapi?

*

Ukurasa wa Mayr ni mfupi. Nakala yake ya mkono iko Munich, na wengi wetu tunamsoma kwa Kiingereza katika mkusanyiko wa hati za pwani yetu uliohaririwa na G. S. P. Freeman-Grenville na kuchapishwa mwaka 1962. Mayr anataja rutuba ya kisiwa, nafaka, siagi, asali na nta. Anataja pamba nzuri inayopandwa huko. Kisha anafika bustanini: machungwa matamu, malimau, mboga, vitunguu vidogo, majani ya kunukia. Vyote hivyo, anasema, hupandwa katika bustani na humwagiliwa maji ya visima.

Ukiusoma ukurasa huo peke yake unaweza kudhani umeandikwa na mtu aliyekuja kutembea. Usome pamoja na kurasa zinazouzunguka. Julai 1505 askari wa Almeida waliingia Kilwa kwa silaha, wakapora nyumba, wakaanza kujenga ngome. Mayr alikuwa nao. Anayehesabu vitunguu ndiye huyo huyo anayehesabu mali iliyobebwa. Orodha yake ya bustani haina tofauti kubwa na orodha ya ngawira, ila machungwa hayakuwa na faida ya kutosha kupakiwa melini.

Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Kwa kweli tunamhitaji. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zaidi ya miaka 170 kabla yake, na ndiye tunayemtaja kila siku tunapotaka kuusifu mji wetu. Mombasa, Ibn Battuta aliona matunda akayataja: ndizi, malimau. Kilwa aliona ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman, akaandika habari za ukarimu. Alikuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hupelekewa tunda likiwa limekwisha kumenywa. Mporaji aliingia uani. Alipita nyuma ya nyumba, kwenye vitunguu na ndoo. Ndiyo maana kati ya wawili hawa ni yeye aliyetuachia bustani, na inaniuma kulisema hilo.

Sasa kitazame kitenzi chake. Bustani "humwagiliwa". Katika darasa la kwanza la sarufi tulifundishwa kwamba kauli ya kutendwa humruhusu msemaji amfiche mtenda. Mtoto akivunja kikombe husema "kikombe kimevunjwa". Bustani za Kilwa, kwa Mayr, zinamwagiliwa, na anayemwagilia hayupo. Lakini hayuko mbali. Mahali pengine katika maelezo hayo hayo Mayr anasema kwamba watumwa weusi katika mji walikuwa wengi kuliko Waislamu weupe waliokuwa mabwana wao, na kwamba watumwa hao walifanya kazi mashambani. Sentensi mbili hazikukutanishwa. Mwandishi aliyaweka maji upande huu na watu upande ule, na wasomaji wake tumeziacha zikae mbalimbali kwa miaka mia tano. Tunanukuu machungwa tunapotaka kuonyesha kwamba tulikuwa na ustaarabu. Tunanukuu watumwa tunapotaka kuzungumzia biashara. Sijaona mara nyingi mtu akiuliza ndoo ilikuwa mkononi mwa nani.

*

Mwezi uliofuata nilikwenda Kilwa Kisiwani kuitafuta bustani hiyo. Kutoka Miteja unapanda gari hadi Nangurukuru, unageuza kuelekea Kilwa Masoko, kisha unavuka kwa mashua. Si safari ndefu, lakini watu wengi wa kwetu hawajawahi kuifanya. Magofu ni ya wageni na ya wanafunzi.

Nilipanda hadi Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari karne ya 14, katika zama za Sultani yule yule aliyempokea Ibn Battuta. Neville Chittick alilichimba kasri hilo karne iliyopita na kuliandikia kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kilwa. Kila mgeni hupelekwa kwanza kwenye birika lenye pembe nane. Ni kitu kizuri. Unasimama ukingoni, unaona ngazi za kushukia, unaona bahari chini, na unaelewa kwa nini mtu mwenye uwezo angependa kukaa hapo jioni.

"Hapa Sultani alikuwa akioga," akasema kijana aliyekuwa akitutembeza.

"Maji yalitoka wapi?" nikauliza.

"Visimani. Yalikuwa yanaletwa."

Yalikuwa yanaletwa. Kauli ya kutendwa tena, na safari hii haikutoka kwa mporaji, imetoka kwa mwenzangu wa umri wangu, mtoto wa Kilwa kama mimi. Kisiwa hakina mto. Kila tone la maji matamu lililomwagwa birikani lilivutwa kwa kamba na likabebwa kichwani au begani hadi juu ya mwamba ule. Sikumlaumu. Hata mimi katika rasimu ya sura yangu ya pili nilikuwa nimeandika kwamba birika "lilijazwa".

Bustani sikuiona. Niliona mibuyu, vichaka, na mizizi iliyojipenyeza katika kuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Katika kazi ya namna hiyo mmea ni adui. Mzizi hupasua chokaa, kwa hiyo unakatwa. Nalielewa hilo na sina hoja ya kulipinga, ukuta ukianguka hausimami tena. Ila matokeo yake ni kwamba kilichobaki cha mji kinasomwa kama jiwe tupu, wakati ukurasa wa Mayr umejaa majani.

Mwaka huo huo wa 1981, mwezi Mei, wataalamu wa urithi walikutana Florence, Italia, wakaandika mkataba kuhusu bustani za kihistoria. Mkataba huo unaichukulia bustani kuwa kumbukumbu iliyo hai. Mimea hufa na hupandwa tena, na bustani hubaki ile ile maadamu mpango wake na utunzaji wake unaendelea. Darasani tulionyeshwa mfano wa Levens Hall, nyumba ya bwana mmoja wa zamani huko Cumbria, Uingereza. Bustani yake ilipangwa na Guillaume Beaumont katika miaka ya 1690, na miti yake bado inakatwa katika maumbo ya ajabu, mwaka kwa mwaka, zaidi ya miaka mia tatu sasa. Mwalimu alitupitishia picha ukutani. Mwenzangu mmoja akanong'ona, "Wenzetu wanatunza."

Neno hilo lilinichoma, nikaamua kulijibu kwa tasnifu nzima.

*

Hoja yangu ilikuwa hivi. Bustani ya Kilwa haikupotea, ilihama. Tuliitafuta penye kuta kwa sababu tulifundishwa kwamba bustani ya kihistoria lazima iwe na nyumba kubwa, lango, na mwenye jina. Lakini pwani yetu ina neno lake, kiunga, yaani mashamba ya miti ya matunda yaliyouzunguka mji, na kiunga hakikuhitaji kasri. Kiliendelea kukua baada ya kasri kuachwa. Michungwa, milimau, vitunguu, mrehani, mtambuu na kisima cha kumwagilia: vyote alivyovitaja Mayr vilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi, Miteja, bara tu ya pwani ile ile. Beaumont wetu hana jina, niliandika, lakini bustani yake ipo, na inatunzwa na bibi kizee asiyejua kwamba anatunza urithi.

Niliipenda sana sentensi hiyo. Msimamizi aliichorea mstari akaandika pembeni, "Vizuri."

Baada ya arobaini ya Bibi nilibaki Miteja wiki moja. Jioni moja nikamsomea shangazi yangu ukurasa huo. Shangazi ndiye aliyekaa na Bibi miaka yote na kumuuguza. Alikuwa anachambua mchicha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Aliyekuwa anatunza ni nani?" akauliza.

"Bibi."

"Bibi yako alikuwa anachuma. Anayechuma na anayemwagilia si mtu mmoja, mwanangu."

Kisha akanieleza mambo niliyokuwa nimeyaona utotoni bila kuyajua. Kisima kile kina kina cha pima saba. Mtambuu hauvumilii kiangazi, unataka maji asubuhi na jioni. Bibi alikuwa akiuza majani kwa wachuuzi waliokuwa wakiyapeleka Kivinje, na fedha ile ilinunua chumvi, mafuta ya taa, na daftari za baba yangu. Shangazi alichota maji kabla ya shule, kisha kabla na baada ya shule, kisha akiwa darasa la tano akaacha shule akabaki na kamba. Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Ilionekana tu kwamba ndivyo inavyofaa, baba yangu akiwa na akili ya darasani na yeye akiwa na mikono yenye nguvu.

"Wewe unaipenda bustani hii," akasema, "kwa sababu hujawahi kuibeba."

Nilitaka kujibu. Nilitaka kumwambia kwamba tasnifu yangu iko upande wake. Lakini sura ilikuwa mkononi mwangu, na ndani yake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba bustani "inatunzwa na bibi kizee", na shangazi hakuwemo hata mara moja. Mayr aliwasahau watu wasiokuwa wake. Mimi nilimsahau mtu aliyenipikia chakula cha jioni hiyo.

*

Magharibi ya kwetu ni vilima vya Matumbi, na huko ndiko kwenye kijiji cha Nandete. Julai 1905, miaka 400 kamili tangu Julai ile ya Almeida, watu wa Nandete waliingia katika shamba la pamba walilolimishwa kwa amri ya serikali ya Wajerumani wakang'oa miche. Vita vya Majimaji vikaanza hapo. Tunawakumbuka sana Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya dawa. Ebrahim Hussein alimpa jukwaa katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na tangu hapo mjadala wa wahakiki umekuwa juu ya imani, umoja na uongozi. Maji katika mjadala huo ni ishara. Sikumbuki tukiwa darasani tukizungumza sana juu ya kitendo chenyewe cha kung'oa, labda kwa sababu kung'oa mche ni jambo dogo mno kwa nadharia.

Lakini nimekuja kukiona kitendo kile kama usomaji. Watu wale walilitazama shamba, wakajua ni la nani na faida inakwenda wapi, wakajua ni mikono ya nani inayolilima, kisha wakatoa hukumu yao. Na hapa historia ilifanya jambo ambalo haikufanya kwa waliomwagilia machungwa ya Kilwa: ilihifadhi majina. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wanatajwa kuwa ndio waliong'oa ile miche ya kwanza. Levens Hall ina jina la aliyepanga bustani. Nandete ina majina ya waliong'oa. Wa katikati, wale wa kamba na ndoo, hawana jina popote, na mhakiki anayesema "bustani imesalia" bila kuwatafuta anaendeleza kazi ya kuwafuta.

Kwa hiyo nimeiacha hoja yangu ya zamani, ingawa si yote. Bado naamini kwamba kiunga kilihama na kwamba urithi wetu haukuishia kwenye kuta. Nilichokosea ni kudhani kwamba kusalia kwa bustani ni jambo jema peke yake, la kupigiwa makofi kabla hujauliza lilimgharimu nani. Mkataba wa Florence unasema bustani hubaki kwa utunzaji. Sawa. Utunzaji una mgongo, una mabega, na mara nyingi una darasa la tano ambalo halikumalizika. Na wa Levens nao, waliopanda ngazi kwa mkasi mkubwa mwaka baada ya mwaka, walikuwa na migongo yao. Sitaki tena kusikia "wenzetu wanatunza" bila kuuliza ni nani kati ya wenzetu.

*

Mwezi wa sita tulikaa kikao cha familia kuhusu kiwanja cha Bibi. Sehemu iliyo karibu na barabara itauzwa. Sehemu ya nyuma, yenye nyumba na kisima, ni ya shangazi, na hilo halikuleta ubishi. Baba mdogo akaniuliza kama msomi nina neno. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi juu ya urithi. Nikasema shangazi aamue kila kinachoota pale.

Asubuhi yake aliniita uani. Alikuwa ameshika jembe.

"Huu mtambuu nani anatafuna hapa siku hizi?"

"Hakuna, shangazi."

"Mlimau utabaki, haunisumbui. Mrehani utabaki, naupenda. Huu nauondoa, nipande mihogo."

Nilisimama kidogo. Nilikuwa nautazama mmea aliouona Mayr, vijiti vyake shinani, ukurasa wa 1505 ukiwa hai mbele yangu, na shangazi alikuwa anasubiri nimsaidie. Nikavuta vijiti kimoja kimoja nikaviegemeza ukutani. Yeye akapiga jembe shinani mara tatu. Mizizi ilikuwa mifupi kuliko nilivyodhani.

Nilimuuliza kama naweza kuchukua kikonyo kimoja nikapande chuoni, kwenye kopo.

"Chukua," akasema. "Lakini ujue unakunywa maji mara mbili kwa siku."

Kiko dirishani kwangu sasa, kina majani manne. Maji ya hosteli hutoka kwa zamu, na siku yasipotoka nashuka na ndoo hadi kwenye tangi la chini, kisha napanda nayo ghorofa ya tatu. Sura ya pili nimeianza upya. Sentensi yake ya kwanza ina jina la shangazi, na kitenzi chake ni "alichota".